Demio ya Dizeli: Gari Linalokunywa Kidogo na Kudai Safari

Mwaka 1999 gavana mpya wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alijitokeza mbele ya waandishi wa habari akiwa na chupa ya plastiki mkononi. Ndani yake mlikuwa na masizi meusi tititi, zao la moshi wa magari ya dizeli. Akaitikisa kila mtu aone. Kampeni aliyoianzisha ikazaa sheria: kuanzia Oktoba 2003, malori na mabasi ya dizeli yasiyotimiza viwango vya masizi yakapigwa marufuku Tokyo na katika mikoa ya jirani. Gari dogo la familia linalotumia dizeli nalo likachujuka machoni pa Wajapani wengi.

Miaka 15 baada ya chupa ile, Septemba 2014, kampuni ya Mazda yenye makao yake Hiroshima ilitoa Demio mpya, na mojawapo ya injini zake ilikuwa ya dizeli ya lita 1.5. Demio hiyo ikatwaa tuzo ya Gari Bora la Mwaka la Japani la 2014–2015.

Leo magari hayo hayo, yakiwa yameshatumika Japani, yanapishana kwenye barabara za Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Kwa nje huwezi kuyatofautisha kwa haraka na Demio ya petroli: mgongo mfupi, mlango wa nyuma unaofunguka juu, pua ndefu kidogo kuliko ya wenzake wa rika lake. Tofauti hujitokeza kwenye mazungumzo. Mwenye Demio ya dizeli atakwambia amekwenda Nakuru na kurudi Nairobi, na mshale wa mafuta haujafika nusu. Mwingine atakwambia aliiuza kwa hasara baada ya kuizungusha gereji tatu, taa ya injini ikiwaka na kuzima kama inavyotaka.

Wote wawili wanasema kweli. Kinachowatenganisha ni namna walivyoliendesha gari na yale masizi ya Ishihara yalivyopata njia ya kutokea.

Ujanja wa Hiroshima

Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka ikawa moto mkali, kisha dizeli hunyunyizwa na kuwaka yenyewe. Injini nyingi za aina hiyo huibana hewa mara 16 hadi 18. Wahandisi wa Mazda walikwenda kinyume, wakaishusha hadi mara 14.8.

Sababu ilikuwa hewa chafu. Silinda inapopata joto kupita kiasi, naitrojeni na oksijeni huungana na kutoa gesi zinazoharibu mapafu. Watengenezaji wengi walizikabili gesi hizo kwa kufunga mtungi wa maji ya urea kwenye ekzosi, mtambo ghali kwa gari dogo. Kwa kushusha mbano, Mazda walilishusha joto lenyewe, wakatimiza viwango vya Japani bila mtambo huo. Na kwa kuwa injini yenye mbano mdogo haihitaji chuma kizito cha kuistahimilisha, waliitengeneza bloku kwa alumini.

Kilichopatikana ni injini ya cc 1,498 yenye nguvu farasi 105. Kwa dereva, namba yenye maana zaidi ni ile ya nguvu ya kuvuta: nyutoni-mita 250 kwa gari la gia otomatiki na 220 kwa la gia za mkono. Demio ya petroli ya lita 1.3 ya mwaka huo huo ilikuwa na 121. Tena nguvu hiyo ya dizeli hupatikana mapema, injini ikiwa kwenye mizunguko 1,500 tu kwa dakika. Anayepanda Mlima Kitonga kuelekea Iringa, au anayetoka Mai Mahiu kurudi juu Limuru akiwa na abiria wanne na mizigo, huielewa tofauti hiyo mguuni. Gari halipigi kelele kuomba gia ndogo. Linavuta.

Hesabu ya kituo cha mafuta

Katika kipimo rasmi cha Japani cha wakati ule, JC08, Demio ya dizeli yenye gia za mkono ilipewa kilomita 30 kwa lita, na ya otomatiki 26.4. Hizo ni namba za maabara, gari likizungushwa juu ya roli bila upepo, bila matuta na bila daladala inayosimama ghafla. Barabarani mambo ni mengine. Kwenye barabara kuu, kwa mwendo wa kilomita 80 au 90 kwa saa, kilomita 20 kwa lita si jambo la ajabu. Kwenye foleni ya asubuhi namba hiyo hushuka hadi 14 na wakati mwingine chini yake.

Tuchukue safari ya Nairobi hadi Mombasa, karibu kilomita 480. Kenya, mamlaka ya EPRA hutangaza bei mpya za mafuta tarehe 14 ya kila mwezi. Katika bei zilizoanza Oktoba 2024, petroli Nairobi ilikuwa shilingi 180.66 kwa lita na dizeli 168.06. Kwa kilomita 20 kwa lita, Demio ya dizeli ingemaliza lita 24, yaani takriban shilingi 4,030. Gari dogo la petroli linalokwenda kilomita 15 kwa lita lingemaliza lita 32, shilingi 5,780 hivi. Kwenda na kurudi, tofauti inafika karibu shilingi 3,500. Kwa dereva wa teksi au mfanyabiashara anayesafiri kila wiki, hizo ni karo.

Faida ya Mkenya ina miguu miwili. Kwanza gari linakwenda mbali zaidi kwa lita moja. Pili, lita yenyewe huwa nafuu, kwa sababu ushuru wa bidhaa kwenye petroli umekuwa shilingi 21.95 na kwenye dizeli 11.37. Hata Septemba 2023, mwezi ambao Wakenya walishuhudia mafuta yakivuka shilingi 200 kwa mara ya kwanza, petroli Nairobi ilipanda hadi 211.64 lakini dizeli ikaishia 200.99.

Tanzania mguu wa pili haupo kila wakati. Mamlaka ya huko, EWURA, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi, na mwaka huo huo wa 2023 kuna miezi ambayo dizeli Dar es Salaam iliuzwa juu kuliko petroli. Hapo akiba yote hutegemea kilomita kwa lita.

Sasa chukua mtu mwingine. Anaishi Kilimani, Nairobi, anafanya kazi Upper Hill, anapeleka watoto shule na kupitia sokoni. Kwa mwezi mzima anatembea kilomita 300, zote za mjini. Akipata kilomita 14 kwa lita za dizeli badala ya 11 za petroli, kwa bei zile za Oktoba 2024, anaokoa kama shilingi 1,300 kwa mwezi. Akiba ya mwaka mzima haifiki 16,000, na ziara moja ya gereji yaweza kuimeza yote. Mtu huyu ndiye anayeongoza kwa ziara za gereji.

Masizi yanakokwenda

Kwenye ekzosi ya Demio ya dizeli kuna chujio ambalo mafundi hulitaja kwa herufi zake tatu, DPF. Kazi yake ni kunasa masizi yasitoke nje. Likikaribia kujaa, kompyuta ya gari huongeza dizeli kidogo wakati usio wa kawaida, moto wa ekzosi ukapanda hadi nyuzi 600 hivi, na masizi yakaungua yakabaki majivu machache. Dereva wa barabara kuu huenda asijue kabisa kwamba kazi hiyo imefanyika.

Kazi hiyo inahitaji muda. Taa ya DPF ikiwaka kwenye dashibodi, maelekezo ya Mazda ni kuendelea kuendesha bila kusimama, kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa au zaidi, kwa dakika 15 hadi 20. Mtu wa Kilimani anafika kazini na kuzima injini katikati ya zoezi. Jioni gari linaanza upya, na anazima tena getini. Chujio linazidi kujaa.

Hasara haiishii hapo. Ile dizeli ya ziada iliyonyunyizwa haikuungua yote. Sehemu yake huteremka kandokando ya pistoni hadi kwenye oili na kuifanya nyepesi. Ndiyo maana kijiti cha kupimia oili cha injini hii kina alama ambayo watu wengi hawajawahi kuiona kwenye gari la petroli: herufi X, juu ya mstari wa kiwango cha mwisho. Oili ikipanda hadi pale, hakuna aliyeiongeza. Ni dizeli imeingia, na oili yote inapaswa kumwagwa mara moja. Mwenye gari aliyezoea kuogopa oili kupungua, hapa hujifunza kuogopa oili kuongezeka.

Upande wa pili wa injini kuna tatizo jingine la kimyakimya. Vali iitwayo EGR hurudisha sehemu ya moshi ndani ya silinda ili kupunguza joto, na moshi huo una masizi. Yakikutana na mvuke wa oili kwenye njia ya kuingizia hewa, huganda tabaka juu ya tabaka, mpaka njia inaziba kama dohani ya jiko la kuni lisilofagiwa. Gari huanza kukosa nguvu mlimani, hula mafuta zaidi, na zoezi la kuchoma masizi hujirudia kila baada ya kilomita chache. Dawa yake ni kufungua njia nzima ya hewa na kuikwangua, kazi ya siku nzima kwa fundi anayejua anachokifanya.

Mazda wenyewe walikiri kwamba masizi yaliwashinda mahali fulani. Novemba 2018 kampuni ilitangaza kuyaita magari takriban 640,000 duniani kote, Demio ikiwamo, kwa sababu ya kasoro ya springi za vali katika injini zake za dizeli, ambayo iliacha masizi yajikusanye ndani ya injini na ingeweza kulifanya gari lizime likiwa mwendoni. Gari lililorekebishwa Japani kabla ya kupanda meli lina historia tofauti na lile ambalo halikurekebishwa, na mnunuzi ana haki ya kuuliza.

Kinachomiminwa kwenye tangi

Japani imekuwa ikiuza dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni tangu 2007. Injini hii ilibuniwa ikiwa na dizeli hiyo mawazoni. Afrika Mashariki ilikuwa mbali sana na hapo. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe, Mombasa, kilipoacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, ukanda huu ulibaki kuagiza mafuta yaliyokwisha kusafishwa, na Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zikahamia kiwango cha sehemu 50 kwa milioni. Bila hatua hiyo, chujio la DPF lisingekuwa na maisha marefu katika barabara zetu. Hata hivyo 50 ni mara tano ya 10.

Halafu kuna mkono wa mtu. Watanzania wana neno lao kwa mafuta yaliyochanganywa na mafuta ya taa: yamechakachuliwa. Uchakachuaji uliwahi kushamiri kiasi kwamba mwaka 2011 serikali ya Tanzania ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuondoa mvuto wa bei. Kenya nayo ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa sababu hiyo hiyo. Lori la zamani lingeweza kuyameza mafuta hayo likaendelea na safari. Pampu na nozeli za Demio, zinazofanya kazi kwa shinikizo kubwa na vitundu vyembamba sana, hulainishwa na dizeli yenyewe. Mafuta ya taa ni makavu, na chuma husaga chuma. Ndiyo maana wenye magari haya wengi wana kituo kimoja wanachokiamini, na risiti hawazitupi.

Oili nayo ina mtego wake. Kwa kuwa gari ni la dizeli, fundi asiye na mazoea nalo anaweza kutia oili ya malori, ile ya debe kubwa. Oili ya namna hiyo ina viungo vingi vinavyoacha majivu, na majivu hayaungui. Yakishaingia kwenye chujio yanabaki humo. Mazda inataka oili yenye majivu machache, ya daraja la DL-1 kwa magari ya soko la Japani au daraja la Ulaya la C3. Bei yake ni juu, na kwa hali ya vumbi na foleni zetu, madereva waangalifu huibadilisha kila kilomita 5,000.

Kulitoa chujio

Gari likishasumbua, fundi wa mtaani ana jibu la haraka: kata, toa, ziba. Chujio la DPF linafunguliwa, matumbo yake yanatolewa, kompyuta ya gari inaandikwa upya ili isilitafute tena. Taa inazima. Nguvu inarudi. Mteja anaondoka akicheka.

Anachokiondoa ni kile kile kilichoiruhusu dizeli kurudi katika magari ya familia nchini Japani. Juni 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, pamoja na moshi wa tumbaku. Demio isiyo na chujio inapopita kwenye foleni ya Jogoo Road au Mwenge, masizi yake huishia vifuani mwa wachuuzi walio kando ya barabara. Hata kwa mwenye gari ahueni si kamili, maana njia ya kuingizia hewa haikukwanguliwa, nayo inaendelea kuziba.

Kulisafisha chujio kunawezekana. Kuna gereji zinazolitoa na kulisukuma kwa maji na dawa maalumu, na nyingine hulazimisha zoezi la kuchoma masizi kwa kompyuta, gari likiwa limesimama. Yote mawili yana gharama, lakini huliacha gari kuwa lile lililobuniwa.

Kwenye yadi

Anayetaka gari hili aanze na namba ya chesisi. Demio ya dizeli isiyo ya magurudumu manne ya kuvuta huanza na DJ5FS, na ya petroli ya lita 1.3 huanza na DJ3FS. Toleo la dizeli la soko la Japani huitwa XD. Wapo walionunua kwa rangi na bei, wakagundua kwenye kituo cha mafuta kwamba wamenunua aina wasiyoitaka.

Kodi haina tatizo kubwa, kwa kuwa injini iko chini ya cc 1,500. Kikwazo ni umri. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8 tangu kusajiliwa kwa mara ya kwanza, hivyo Demio za mwanzo kabisa haziwezi tena kuingia, na zilizopo ni za mkono wa pili au wa tatu wa humu humu. Tanzania haizuii, ila gari lililovuka miaka 8 hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu. Ukitafuta toleo la baadaye, kumbuka kwamba tangu 2019 Japani yenyewe huliita Mazda2.

Kisha kuna suala la kilomita, na hapa mazoea ya wanunuzi wengi huwapotosha. Kwa gari la petroli, kilomita chache ni sifa. Kwa dizeli hii, gari lililotembea kilomita 40,000 kwa miaka saba huenda lilikuwa la kwenda dukani na kurudi katika mitaa ya Osaka, injini haijawahi kupata moto vizuri. Lililotembea 90,000 kwa muda huo huo, mji hadi mji, laweza kuwa na chujio safi zaidi.

Kipimo kinachosema ukweli hutoka kwenye kompyuta ya gari. Fundi mwenye mashine akiichomeka chini ya usukani ataona kiasi cha masizi kilichomo kwenye chujio na umbali kati ya zoezi moja la kuchoma na jingine. Umbali huo ukiwa chini ya kilomita 100, njia za hewa zina kazi ya kufanyiwa. Wakati mashine inasoma, mnunuzi achomoe kijiti cha oili na kutazama iko wapi ukilinganisha na X, kisha aombe injini iwashwe ikiwa ya baridi, bila mwenye yadi kuipasha moto mapema.

Mwenye safari fupi za mjini ana jibu lake upande wa pili wa yadi hiyo hiyo: Toyota Aqua, inayochanganya petroli na umeme, na ambayo hunywa kidogo hasa pale kwenye foleni ambapo dizeli huumia. Anayelala Naivasha na kufanya kazi Nairobi, au anayefuata mizigo yake Morogoro mara mbili kwa wiki, ndiye Demio ya dizeli iliyomtafuta. Aende na fundi wake na mashine yake. Muuzaji akikataa gari lipimwe, Ngong Road haina upungufu wa yadi.